Kwa Wingi Kutoka Wapi?

Daktari akishamaliza kuandika vidonge vya presha, huongeza la mwisho macho yakiwa bado kwenye faili: "Na mama, punguza chumvi. Ule matunda na mboga za majani kwa wingi." Mama anaitikia asante daktari, anakunja cheti chake, anatoka kumpisha mwingine. Redioni wanasema hayo hayo. Kwenye bango la zahanati kuna sahani imechorwa ikapendeza, nusu nzima kijani na nyekundu, pembeni kishada cha zabibu, utadhani zabibu zinauzwa kila genge la Mbagala. Ikifika Siku ya Afya Duniani mgeni rasmi anapanda jukwaani, anafungua hotuba, anatutaka Watanzania tubadilike.

Kwa wingi kutoka wapi? Kwa hela ya nani? Mbona hilo halimo kwenye hotuba?

Sina ugomvi na ushauri wenyewe. Ni wa kweli, tena wa kweli mno, na ndiyo maana inaudhi kuona ukweli mzito namna hii umegeuzwa fimbo ya kumchapia mlaji, huku wanaopanga masoko, barabara, ushuru na chakula cha shule wakikaa meza kuu kupiga makofi. Mtu akianguka na kiharusi akiwa na miaka 48 tunasema hakujali afya yake. Yeye tu. Waliohakikisha soda iko baridi mpaka kijiji cha mwisho na chungwa halifiki, hao hawatajwi msibani.

Tuanze na ukweli huo, maana wapo wanaodhani ni porojo za watu wasioweza kununua nyama. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi. Kwa hiyo sahani ya chipsi haikuokoi hata wakiipamba na kachumbari ya vipande vitatu. Gramu 400 si mlima: chungwa moja, kipande cha papai, mchicha wa mchana wa kushiba, nyanya na tango jioni, umefika au umekaribia. Mwaka 2017 watafiti wa Imperial College London walikusanya tafiti 95 wakazichambua kwa pamoja. Waliokula gramu 200 kwa siku walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo chini kwa asilimia 16 kuliko wasiokula kabisa. Waliofika gramu 800, asilimia 24. Na kwa kiharusi, asilimia 33. Wakakadiria kwamba kama uhusiano huo ni wa chanzo na matokeo, vifo vya mapema vipatavyo milioni 7.8 kwa mwaka vingeepukika duniani iwapo kila mtu angefika gramu hizo 800.

Mimi sikutishwa na hizo 800. Nilibaki na zile 200 za mwanzo. Maana yake anayefaidi zaidi ni yule anayetoka kwenye sifuri, yule wa ugali na dagaa mchana, chai na andazi usiku. Huyo ukimpa chungwa moja na bakuli la matembele, umemfanyia jambo kubwa kuliko kumwongezea tufaha la sita tajiri wa Masaki.

Na hakuna uchawi ndani yake. Mboga za majani, ndizi na parachichi zina madini ya potasiamu, na potasiamu ndiyo inayozisaidia figo kuitoa chumvi mwilini na kuilegeza mishipa ya damu. (Mwenye figo zilizoshindwa kazi yeye amsikilize daktari wake kwanza, maana kwake potasiamu inaweza kuwa hatari.) Mchicha na jamaa zake wana nitrati, bakteria wa mdomoni huanza kuigeuza, na mwili humalizia kazi hiyo mpaka ikawa hewa inayoipanua mishipa. Halafu kuna bamia na mlenda. Ule utelezi ambao vijana wa mjini wanaukunjia pua, ule unaovutika kutoka bakulini mpaka mdomoni bila kukatika, ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Zikifika tumboni zinainasa nyongo na kutoka nayo, na ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine inabidi lichote lehemu kwenye damu. Lehemu ndiyo mafuta yanayojikusanya kwenye kuta za mishipa mpaka siku moja njia inaziba na moyo unakosa damu. Bibi zetu walikuwa wanapika dawa ya mishipa kwenye chungu, na sisi tukaita chakula cha shida.

Najua mjuzi mmoja ameshainua mkono. Atasema tafiti hizi huwaangalia watu tu, na wanaokula matunda mara nyingi ndio wenye nazo: hawavuti sigara, wanafanya mazoezi, wana bima. Utajuaje kwamba ni tunda na si hela? Hoja ya haki. Ndiyo maana kuna majaribio. Marekani, kwenye utafiti uitwao DASH uliochapishwa mwaka 1997, watu 459 walipikiwa chakula na kupewa kwa wiki nane, chumvi ikiwa ile ile kwa makundi yote. Kundi lililoongezewa matunda na mboga, wale waliokuwa na presha ya juu walishuka kwa pointi 7 kwenye namba ya juu. Walioongezewa matunda na mboga na kupunguziwa mafuta, pointi 11. Hawakuhubiriwa. Walipewa. Neno hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu hapa kwetu tumeshika lile la kuhubiri na kuliacha la kupewa.

Tazama matokeo ya mahubiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliofanywa Tanzania Bara ulionyesha kwamba watu wazima 97 kati ya 100 hawakuwa wakifikisha milo mitano ya matunda na mboga kwa siku, na kama robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu. Kenya walipofanya wa kwao mwaka 2015, walikuta 94 kati ya 100. Darasa likifeli watu watatu, ni wavivu. Likifeli watu 97, mkaguzi hawaiti wanafunzi. Anamwita mwalimu mkuu. Sisi bado tunawachapa wanafunzi.

Bei. Hapo ndipo wahubiri wanapogeuka kuangalia dirishani. Mwaka 2016 jarida la Lancet Global Health lilichapisha hesabu kutoka nchi 18. Katika nchi maskini zilizohusika, Zimbabwe ikiwamo, gharama ya kumlisha kila mtu nyumbani matunda mara mbili na mboga mara tatu kwa siku ilikuwa sawa na asilimia 52 ya kipato cha kaya. Katika nchi tajiri haikufika asilimia 2. Nusu ya kipato! Kabla hujanunua unga, kabla ya mkaa, kabla ya kodi ya chumba na nauli ya watoto. Mama wa Tandale anayenunua mchicha wa jero na kuugawa kwa watu sita hahitaji semina. Anajua hesabu kuliko aliyeandaa semina. Ameshapima: hela ile ile ikienda kwenye unga, watoto wanalala wameshiba, ikienda kwenye maembe, wanaamka usiku. Angekuwa mjinga kama angefanya tofauti.

Na bei hii haikushuka kutoka mbinguni. Nenda Muheza msimu wa machungwa. Yanaanguka, yanaoza chini ya miti, kwa sababu mnunuzi anakuja na lori lake na bei yake, na mkulima asiye na ghala wala kiwanda cha kueleweka atakataa vipi? Kilomita mia tatu na ushee kutoka hapo, Dar es Salaam, chungwa lile lile linauzwa moja moja kama dawa. Katikati yake kuna dalali, kuna mpakiaji, kuna ushuru, kuna pancha, kuna magunia ya lumbesa ya kabichi na vitunguu ambayo kila waziri wa kilimo huyapiga marufuku na kila waziri huyaacha yakipita. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na hilo ni jema, nalipongeza. Lakini ushuru haugandishi nyanya. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilishakadiria kwamba duniani, karibu nusu ya matunda, mboga na mazao ya mizizi hupotea au kutupwa kabla hayajaliwa. Kwetu sehemu kubwa inapotelea shambani na njiani, ndani ya matenga, juu ya keria, chini ya turubai kwenye jua la saa saba.

Msiniambie hatuwezi kuhifadhi. Parachichi la Njombe linachumwa kwa uangalifu, linapangwa kwa ukubwa, linafutwa vumbi, linaingia kwenye kontena la baridi na kuvuka bahari mpaka Ulaya likiwa zima. Kenya wanafanya hivyo miaka mingi, parachichi, mishiri na maua. Waridi linalosafiri kwa ndege halijawahi kuona joto ambalo sukuma wiki ya soko la Marikiti, Nairobi, inaliona kila siku. Kwa hiyo ujuzi tunao, mitambo tunayo, wataalamu tunao. Tunakosa kumwona mlaji wa Manzese kuwa mteja anayestahili tunda zima. Matunda mazuri ni ya dola, yaliyopondeka ni ya shilingi.

Tunda likishafika mjini, nalo linafukuzwa. Kijana anayemenya nanasi kwenye kituo cha daladala, akalikata vipande, akaweka kwenye mfuko na kijiti cha kuchomea, amefanya kwa ajili ya moyo wako kazi kubwa kuliko bango lolote. Tunda limekujia mkononi, limemenywa, bei ya mfukoni, huna haja ya kisu wala friji. Na ndiye ambaye mgambo wanapindua toroli lake. Mwaka 2021 tulipowapanga upya wamachinga tuliongea sana kuhusu usafi wa miji na njia za waenda kwa miguu, na kweli watu walikuwa hawana pa kupita. Sikusikia hata mtu mmoja akiuliza: hawa wa matunda tukiwapeleka kule soko la pembeni ambako hakuna daladala, anayetoka kazini saa kumi na mbili atakula nini njiani? Alikula kilichobaki kituoni. Soda na biskuti zilikuwa dukani, zina kuta na leseni, hazikuguswa. Kwa jirani zetu Kenya mwaka 2022 mama mboga alikuwa kwenye kila jukwaa la kampeni. Kampeni zikaisha, kibanda chake hakikupata hata bomba la maji ya kuoshea mboga.

Maji, ndiyo. Wapo wanaosema hawali mboga kwa kuwa zina sumu, na siwezi kuwacheka. Kila mkazi wa Dar es Salaam anazijua bustani zinazomwagiliwa kwa maji ya Mto Msimbazi, na anaijua nyanya yenye madoa meupe ya dawa iliyopuliziwa jana na kuvunwa leo. Tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu tangu mwaka 2020. Kazi yake ionekane sokoni, siyo kwenye mabango ya maonyesho ya Nanenane tu. Kwa sasa osha vizuri kwa maji yanayotiririka na uendelee kula. Faida ya mboga bado ni kubwa kuliko hofu. Lakini kumwambia mwananchi aoshe sumu ambayo serikali ilipaswa kuizuia ni kumtupia mzigo uleule kwa mara nyingine.

Hata hivyo siwezi kuipa serikali lawama zote nikatuacha sisi tukisinzia. Tuna dharau ya ajabu kwa chakula hiki. Tunda kwetu ni la mgonjwa: tukienda kumwona mtu wodini ndipo tunanunua machungwa na matufaha kwenye mfuko, kana kwamba moyo ulio mzima hauna haja nayo. Ramadhani mezani kuna tikiti, papai, tende, ndizi mbivu, kila mtu anakula na anafurahi. Ikiandama Shawwal, tumesahau. Harusini mistari ya sahani inapita wali, pilau, kuku, nyama, ndizi za nazi, na mwishoni kabisa kuna kipande cha tikiti chembamba unaweza kusomea gazeti. Mwanamume akila majani siku tatu mfululizo, majirani wanamsikitikia. Mkewe anaulizwa kama kuna shida. "Majani ni ya mbuzi," anasema mzee wa baa huku akiagiza nusu kilo ya kitimoto na kusukuma kachumbari pembeni. Kitambi kinaitwa mafanikio mpaka siku kinapobebwa kwenye machela.

Na mchicha wenyewe tukiupata tunauua. Simama kwa mama ntilie yeyote umwangalie. Anauchemsha mpaka unakuwa mweusi, anaukamua kwa mikono miwili, yale maji ya kijani yenye potasiamu na nitrati anayamwaga mtaroni. Kisha mafuta yanaingia, upawa mzima, chumvi ya kiganja, na kile kiungo cha kwenye karatasi ambacho nacho kimejaa chumvi. Kilichobaki kwenye sahani ni rangi. Ungekatwa, ukatupiwa kwenye kitunguu na nyanya, ukageuzwa dakika chache ukiwa bado kijani, ungegharimu mkaa kidogo na mafuta nusu. Hili halina haja ya bajeti ya taifa, na hapa mwenye sufuria ana lake la kujibu.

Kuna wengine wamegundua pengo hili mapema kuliko Wizara. Panda basi la mkoani: kabla hamjafika Chalinze kijana amesimama katikati na chupa ya unga wa kijani unaosafisha mishipa, unaotibu presha, sukari, bawasiri na nguvu za kiume kwa kijiko kimoja. Kwenye simu ndio usiseme. Wanauza matunda bila tunda. Sayansi ilishawajaribu wenzao wakubwa ikawaumbua. Ufini waliwapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, wakitegemea kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza walikuwa wameugua saratani hiyo zaidi ya wasiomeza. Vitamini E nayo ilipojaribiwa kwa watu wenye hatari kubwa ya moyo, haikuwapunguzia chochote. Karoti si kidonge. Na juisi ya miwa au ya embe iliyochujwa ikaongezwa sukari vijiko vinne si tunda, imeacha nyuzinyuzi zote kwenye chujio. La hatari zaidi ni hili: kuna watu wameacha vidonge vyao vya presha kwa sababu fulani kawaambia wanywe bitiruti. Kula bitiruti. Meza na vidonge.

Ufini hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali kuambiwa haiwezekani. Miaka ya 1970 mwanzoni, wanaume wa jimbo la North Karelia walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa moyo zaidi duniani. Siagi kwa kila kitu, chumvi, sigara, mboga karibu hakuna. Kule majani walimpa ng'ombe. Wananchi wenyewe wakaiandikia serikali kudai msaada, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana aitwaye Pekka Puska. Walihubiri, ndiyo. Lakini pia waliingia viwandani, madukani, kwenye majiko ya shule, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliokuwa wanaogopa kufilisika wakasaidiwa kugeukia kilimo cha matunda madogo yanayostahimili baridi ile. Baada ya miongo kadhaa vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Kupungua kwa sigara, siagi na presha kulichangia sehemu kubwa, sitaki kuwadanganya kwamba ni matunda pekee. Ila hakuna aliyeambiwa abadilike akaachwa na soko lile lile.

Uingereza nako, mtoto wa miaka 4 hadi 6 anayesoma shule ya serikali huko England anapewa tunda au mboga kila siku ya shule, bure. Wetu anakula makande ya michango ya wazazi, kama wazazi wamechanga, na akitoka getini anakutana na ubuyu uliopakwa rangi nyekundu na sukari. (Ubuyu, tunda halisi kabisa! Tumefanikiwa kuliharibu hata hilo.) Mikoa inayotupa machungwa ina shule zisizo na chungwa. Halmashauri ya Muheza na mkulima wa Muheza na shule ya msingi ya Muheza ziko ndani ya wilaya moja, na hakuna karatasi hata moja inayomlazimisha ofisa yeyote kuziunganisha.

Tumejenga Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na inazibua mishipa ambayo zamani tungeipeleka India. Fahari yetu. Lakini kuzibua mshipa mmoja kunagharimu machungwa mangapi? Waganga wamefanya sehemu yao, na sasa tunawaongezea foleni kila mwaka kwa sera za jikoni.

Bajeti husomwa Dodoma kati ya Aprili na Juni. Kilimo itasoma ya kwake, Afya ya kwake, TAMISEMI ya kwake, na kila mmoja atataja lishe. Mbunge wako akirudi jimboni usiishie kumuuliza taa za barabarani. Muulize ni shilingi ngapi zimetengwa kwa tunda la mtoto wa shule, na ni chumba gani cha baridi kimejengwa kwenye soko la wilaya. Muulize pia nani alimtuma mgambo kwa yule kijana wa mananasi. Akikujibu kwamba wananchi wanahitaji elimu ya lishe, mtake akutajie papo hapo bei ya fungu la mchicha asubuhi ya leo.